Rangi katika Dini ya Buddha na Rangi za Altare Yetu

1. Utangulizi

Katika juma la mwisho la Majilio, vijana wa mtaa mmoja wa Mbebe, wilayani Ileje, walipamba kanisa kwa ajili ya Krismasi. Mmoja wao alikuwa amenunua Tunduma, kwenye marobota ya mitumba, kamba ndefu iliyoshonewa vitambaa vidogo vya rangi tano: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na manjano. Wakaifunga kutoka boriti hadi boriti, juu ya altare, na ilipendeza. Asubuhi yake mzee mmoja wa kanisa alivitazama vitambaa kwa karibu, akaona kwamba kila kimoja kimechapwa picha ya farasi, na kwamba farasi huyo amezungukwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mzee akafungua Ufunuo wa Yohana sura ya sita, akawasomea vijana habari za wale farasi wanne. Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umegawanyika. Wengine walisema vitambaa ni vya mganga, wengine wakasema ni alama za Freemason, na yule kijana akatakiwa atubu mbele ya washarika kwa kuleta ushirikina nyumbani mwa Bwana.

Tulipoitwa, tulitambua kwamba vitambaa vile ni vya Wabuddha wa Tibeti. Lakini tulipoulizwa kila rangi ina maana gani, na kama ni dhambi kuitundika, tulikosa jibu la kuwatosha watu. Tukaomba tupewe muda. Makala haya ndiyo jibu lile, ambalo limechelewa. Tunaliandika kwa ajili ya wachungaji wenzetu na wanafunzi wa theolojia, kwa sababu tunaamini kwamba mtumishi wa Neno asiyejua habari za dini ya jirani yake ataishia ama kuiogopa ama kuisingizia, na yote mawili hayampasi.

2. Rangi hupata wapi maana yake?

Kiswahili chenyewe kinaweza kutuanzishia somo hili. Rangi zilizo na vivumishi kamili, vinavyofuata ngeli za majina, ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema nguo nyeupe, kitambaa cheusi, udongo mwekundu. Rangi nyingine twaziita kwa kuonyesha kitu. Manjano ni kiungo kile kinachotiwa katika mchuzi. Zambarau ni tunda. Kijani kimetokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Wazee wetu walipotaka kuitaja rangi walinyoosha kidole kwenye kitu kilichokuwapo shambani au jikoni mwao. Tukilikumbuka jambo hili, hatutashangaa kuona kwamba mataifa mengine nayo yalinyoosha vidole kwenye vitu vyao, ambavyo si lazima viwe vyetu.

Victor Turner, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeishi miaka ya 1950 miongoni mwa Wandembu wa kaskazini magharibi mwa Zambia, alionyesha kwamba ibada zao zilisimama juu ya rangi hizo hizo tatu. Nyeupe ilihusiana na maziwa, afya na baraka. Nyeusi ilihusiana na makaa, mkosi na mauti. Nyekundu ilikuwa na pande mbili, kwa kuwa damu ni ya uzazi na ni ya uuaji pia. Kwetu nako, yeyote aliyepita mlangoni pa mganga wa kienyeji anazijua nguo zake: nyeusi, nyekundu na nyeupe. Hivyo basi, mzee wetu wa Mbebe hakuwa mjinga. Alisoma maandishi ya wageni kwa alfabeti ya nyumbani, kama sisi sote tunavyofanya mpaka tufundishwe nyingine.

Lakini hata Maandiko Matakatifu hayaifungi rangi katika maana moja. Farasi wa nne wa Ufunuo 6:8, ambaye ampandaye jina lake ni Mauti, anaitwa katika Kiyunani kwa neno khloros. Neno hilo hilo ndilo alilotumia Marko katika 6:39 kwa majani mabichi ambayo wale elfu tano waliketishwa juu yake wakala wakashiba. Rangi iliyo ya mauti mahali pamoja ni ya shibe mahali pengine. Vivyo hivyo nyeupe ni rangi ya mavazi ya waliokombolewa katika Ufunuo 7, tena ni rangi ya chokaa inayofunika uozo wa makaburi katika Mathayo 23:27. Rangi peke yake haisemi neno. Husemeshwa na habari inayosimuliwa na watu wanaoitumia. Imetupasa basi tuisikilize habari ya Wabuddha kabla ya kuzihukumu rangi zao.

3. Joho la watawa

Rangi ya kwanza ya Ubuddha si ya bendera wala ya picha. Ni ya nguo chakavu. Katika sheria za kale za watawa, ziitwazo Vinaya, mtawa wa kiume au wa kike aliruhusiwa kuokota vitambaa vilivyotupwa jalalani na makaburini, kuvifua, kuvikata, kuviunga kwa sindano, kisha kuvitia rangi. Rangi hiyo ilipatikana katika mizizi, mashina, magome, majani, maua na matunda ya miti. Huko kusini mwa Asia watawa wametumia sana moyo wa mti wa mfenesi, unaotoa rangi ya manjano iliyofifia kuelekea kahawia. Kwa hiyo rangi ile tunayoiona katika picha za watawa wa Sri Lanka au Thailand haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Ilikuwa rangi ya vitu duni: magome yaliyochemshwa na matambara yaliyounganishwa.

Masimulizi yao yanasema kwamba Buddha alipopita katika nchi ya Magadha aliyaona mashamba ya mpunga yaliyogawanywa kwa matuta, akamwuliza mwanafunzi wake Ananda kama angeweza kushona joho la namna hiyo. Ananda akalishona. Mpaka leo joho la mtawa huunganishwa kwa vipande vyenye mishono inayopitana, mfano wa majaruba ya mpunga ya Kyela au Usangu yakitazamwa kutoka mlimani. Kukatwa vipande kulikuwa na faida ya pili: nguo ya namna hiyo haina thamani sokoni, kwa hiyo haimtamanishi mwizi, wala haimpi mvaaji majivuno.

Jina la rangi hiyo kwa Kisanskriti ni kashaya, na katika lugha ya Kipali ni kasava. Neno hilo lina maana ya rangi ya udongo, lakini lina pia maana ya uchafu wa moyo. Walimu wa Kibuddha wamelitumia fumbo hili tangu kale kumwonya mtawa: avaaye kasava ya nguo ilhali hajaivua kasava ya moyo hakustahili kuivaa. Sisi tuvaao kanzu nyeupe na stola tunaweza kulisikiliza onyo hili bila kubadili imani yetu.

Waumini wasio watawa, wanapokwenda hekaluni siku za mwezi mpevu katika nchi kama Sri Lanka, huvaa nyeupe. Hapa pana jambo la kumpa mwanafunzi wa theolojia cha kufikiri. Kwetu nyeupe ni ya mhudumu wa altare na ya mbatizwa. Kwao nyeupe ni ya mwenye nyumba, mke na watoto, na aliyekwisha kuviacha vyote huvaa rangi ya magome.

Ubuddha ulipoenea, joho lilibadilika rangi kwa kufuata nchi. Watawa wa Tibeti huvaa nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee. Watawa wengi wa China na Korea huvaa kijivu, na wa Japani mara nyingi nyeusi. Nchini Burma watawa wa kike huvaa waridi. Huko Japani rangi ya zambarau ikawa heshima iliyotolewa na mfalme kwa watawa wakuu, na mwaka 1627 serikali ya shogun ilipozibatilisha heshima hizo palitokea mgogoro mkubwa kati ya utawala, mfalme na hekalu. Vazi lililoanzia jalalani likawa jambo la cheo. Asidhani msomaji kwamba hili ni la Wabuddha peke yao.

4. Bendera iliyozaliwa Colombo

Si lazima tuvuke bahari ili kuziona rangi hizi. Katika eneo la Upanga, jijini Dar es Salaam, lipo hekalu la Wabuddha ambalo chanzo chake ni jamii ya Wasinhala waliotoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, wakati wa utawala wa Waingereza. Huko Uganda, karibu na Entebbe, kipo kituo cha Wabuddha kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhikkhu Buddharakkhita, mzaliwa wa nchi hiyo aliyewekwa kuwa mtawa mwaka 2002 huko Marekani. Yeye ameandika jinsi watu wa kwao walivyolishangaa joho lake. Katika mahekalu ya namna hii, hasa wakati wa Vesak, sikukuu ya kuzaliwa, kuamka na kufariki kwa Buddha, hupepea bendera moja yenye mistari ya wima ya buluu, manjano, nyekundu, nyeupe na chungwa. Mstari wa sita una rangi zote tano pamoja.

Mapokeo yanasema kwamba Siddhartha Gautama, baada ya kuamka chini ya mti (na jina Buddha maana yake ni aliyeamka), alitokwa mwilini na miali ya rangi sita. Maelezo ya kawaida ya bendera ni haya. Buluu ni upendo na huruma kwa viumbe vyote. Manjano ni njia ya kati, isiyoelekea kwenye anasa wala kwenye kujitesa. Nyekundu ni baraka za kuyatenda mafundisho. Nyeupe ni usafi wa mafundisho na uhuru utokanao nayo. Chungwa ni hekima. Mstari wa sita unaonyesha mng'ao wa zote zikiungana.

Lakini bendera hii ina historia, na historia hiyo inatuhusu sisi Wakristo kwa namna ambayo hatuwezi kuikwepa. Katika karne ya 19 wamisionari huko Ceylon walihubiri na kuchapa vitabu vya kuushambulia Ubuddha. Mwaka 1873, katika mji wa Panadura, palifanyika mjadala wa hadhara wa siku mbili kati ya mtawa Migettuwatte Gunananda na mchungaji wa Kimethodisti, David de Silva. Habari za mjadala huo zilimfikia Mmarekani aitwaye Henry Steel Olcott, kanali mstaafu, ambaye alikwenda Ceylon mwaka 1880 akajiunga na Wabuddha. Siku ya Pasaka mwaka 1883 maandamano ya Wabuddha yalishambuliwa na Wakristo katika mtaa wa Kotahena, Colombo, na damu ikamwagika. Wabuddha walipoona kwamba hawapati haki, Olcott alipeleka malalamiko yao London. Vesak ya mwaka 1885 ikatambuliwa na serikali kuwa siku ya mapumziko, na kwa sikukuu hiyo kamati ya Wabuddha wa Colombo iliibuni bendera tuliyoieleza. Olcott alishauri tu ipunguzwe iwe na vipimo vya bendera za mataifa. Shirikisho la Wabuddha Ulimwenguni, lililoundwa Kandy mwaka 1950, liliikubali baadaye kuwa bendera ya Wabuddha wa nchi zote.

Hivyo basi, bendera hii ya rangi za upole na huruma ilishonwa na watu waliotukanwa na kupigwa, na waliowapiga walikuwa wametoka kusherehekea ufufuo. Haikuishia hapo. Mwezi Mei 1963, katika mji wa Hue nchini Vietnam, serikali ya Rais Ngo Dinh Diem, Mkatoliki, ilikataza bendera hiyo isipandishwe siku ya Vesak, ilhali siku chache kabla bendera za Papa zilikuwa zimepepea katika mji huo huo. Watu walikusanyika kudai haki yao, na baadhi yao wakauawa. Tarehe 11 Juni mtawa Thich Quang Duc alijichoma moto njia panda huko Saigon. Kabla ya mwaka kwisha utawala ule ulikuwa umepinduliwa. Mtu akituambia kwamba vitambaa ni vitambaa tu, tumkumbushe Hue.

5. Rangi tano za Tibeti

Sasa turudi kwenye kamba ya Mbebe. Rangi zake tano hazikutoka kwenye bendera ya Colombo. Zimetoka katika Ubuddha wa milima ya Tibeti, Nepali na Bhutan, ambao una mafundisho ya ndani zaidi kuhusu rangi. Katika vitambaa vile buluu ni anga, nyeupe ni upepo, nyekundu ni moto, kijani ni maji na manjano ni ardhi. Hizo ndizo asili tano ambazo, kwa fundisho lao, ulimwengu na mwili wa mwanadamu umeumbika kwazo. Yule farasi huitwa farasi wa upepo. Hubeba kito mgongoni, naye ni mfano wa nguvu njema ya mtu inapokwenda kwa kasi. Maandishi ni maombi. Watu huifunga kamba mahali penye upepo, juu ya vilele, madaraja na mapaa, ili upepo ugusapo maandishi uyachukue matakwa mema na kuyaeneza kwa viumbe vyote, pasipo kumbagua yeyote. Jua na mvua vikiififisha rangi, hawahuzuniki. Kufifia kwake ni sehemu ya fundisho lao kwamba kila kilichoungwa hakina budi kuungulika. Hutundikwa mpya kando ya zilizochakaa, na za kale huchomwa moto kwa heshima.

Nyuma ya rangi hizo tano yapo mafundisho ya Buddha watano, ambao kila mmoja ana rangi yake, upande wake wa dunia, na sumu ya moyo anayoigeuza. Vairocana, mweupe, yuko katikati. Anageuza ujinga kuwa hekima ieneayo pote. Akshobhya, wa buluu, yuko mashariki. Anageuza hasira kuwa hekima mfano wa kioo, kionyeshacho mambo kama yalivyo. Ratnasambhava, wa manjano, yuko kusini. Anageuza kiburi kuwa hekima ya kuona watu wote sawa. Amitabha, mwekundu, yuko magharibi. Anageuza tamaa kuwa hekima ya kupambanua. Amoghasiddhi, wa kijani, yuko kaskazini. Anageuza wivu kuwa hekima itendayo na kutimiza. Yapo mapokeo yanayobadilisha nafasi za nyeupe na buluu, lakini mpango wenyewe ni huo.

Tuuangalie mpango huu kwa makini. Rangi hapa haiashirii wema peke yake. Inashika pamoja ugonjwa na dawa yake. Nyekundu ni tamaa, na ni hekima ambayo tamaa inaweza kugeuzwa kuwa. Mwenye kutafakari huiweka rangi mbele ya akili yake ili kuubadili moyo. Hata katika Ubuddha wa kusini, kitabu cha Buddhaghosa cha karne ya 5, Visuddhimagga, kinaeleza jinsi mtawa anavyoweza kutengeneza duara la rangi moja, ya buluu, manjano, nyekundu au nyeupe, kwa maua au kwa kitambaa, akaikazia macho mpaka akili yake itulie. Rangi ni chombo cha mazoezi.

6. Rangi za altare yetu

Tunapolinganisha haya na desturi za Kanisa letu, kwanza yatupasa kukiri kwamba rangi zetu nazo zina historia ya kibinadamu. Lotario, aliyekuwa Papa Innocent III mwaka 1198, ndiye aliyeandika maelezo yanayojulikana sana ya rangi nne za ibada: nyeupe, nyekundu, nyeusi na kijani. Zambarau aliihesabu pamoja na nyeusi. Mpango wetu wa leo, zambarau kwa Majilio na Kwaresima, nyeupe kwa Krismasi na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste na mashahidi, kijani kwa majira marefu ya kukua, umetokana na mapokeo hayo ya Magharibi. Haukushuka kutoka Sinai.

Wamisionari wa Berlin waliofika nchi ya Konde mwaka 1891 walitoka katika Kanisa ambalo joho jeusi la mchungaji lilikuwa limewekwa kwa amri ya mfalme wa Prussia mwaka 1811. Na tufikiri jambo hili: watu ambao kwao nyeusi ilikuwa rangi ya mkosi waliletewa habari njema na mtu aliyevaa nyeusi. Kama wangalimhukumu kwa vazi lake, Injili isingalisikiwa. Walimpa nafasi ya kueleza. Sisi wajukuu wao hatukumpa kijana wetu nafasi hiyo.

Pili, Maungamo yetu yametupa uhuru na mipaka. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, linafundisha kwamba umoja wa Kanisa unasimama katika kuhubiriwa Injili na kutolewa sakramenti kwa haki, wala si lazima taratibu zilizowekwa na watu zifanane kila mahali. Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, katika kifungu cha kumi, inaongeza kwamba mambo yasiyoamriwa wala kukatazwa na Mungu yako katika uhuru wa Kanisa, isipokuwa pale yanapoilazimisha dhamiri au kuifanya imani ionekane kuwa nyingine. Luther mwenyewe, alipoitengeneza ibada ya Kijerumani mwaka 1526, aliyaacha mavazi na mishumaa kwa wakati huo bila kuyafanya kuwa sheria. Rangi basi ni jambo la uhuru. Lakini maombi yaliyoandikwa juu ya kitambaa si rangi tu, na altare ni mahali ambapo kila neno linasemwa kwa niaba ya washarika wote. Haifai kutundika juu yake maneno ambayo hatuwezi kuyasoma wala kuyaitikia amina.

Tatu, ipo tofauti ya msingi ambayo heshima haitudai tuifiche. Kwa Mbuddha rangi inamfundisha mtu kuigeuza sumu ya moyo wake kwa mazoezi. Kwa Mkristo nyeupe ni rangi tunayovikwa. Nabii Isaya, katika 1:18, anasema habari za dhambi nyekundu itakayokuwa nyeupe, na watafsiri wa Biblia yetu walitumia hapo neno bendera, ambalo katika Kiswahili cha zamani lilikuwa pia jina la kitambaa chekundu. Ufunuo 7:14 unaendelea kusema jambo ambalo hakuna fundi wa rangi anayeweza kulikubali: mavazi yalifuliwa katika damu, yakatoka meupe. Hapo ndipo hesabu zote za rangi zinapokoma, za Wandembu, za Tibeti na zetu pia. Weupe huo si tunda la kutafakari kwetu. Ni zawadi, nasi tunauhubiri kama zawadi. Tukiisema tofauti hii waziwazi, bila kumtukana mtu, tumeishuhudia imani yetu vizuri kuliko wale waliorusha mawe Kotahena.

7. Hitimisho

Kutokana na hayo, tunawashauri wenzetu mambo matatu.

La kwanza ni la amri ya nane. Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba kutomshuhudia jirani uongo ni pamoja na kumtetea na kuyaeleza mambo yake kwa wema. Amri hiyo haikusema jirani Mkristo. Mchungaji anayesimama mimbarani na kusema kwamba rangi za Wabuddha ni uchawi, naye hajauliza, ameivunja amri akiwa amevaa stola.

La pili ni la kujitazama wenyewe. Miongoni mwa wale waliotaka vitambaa vya Mbebe vichomwe, wapo waliokuwa na vitambaa vya upako mifukoni, walivyonunua kwa fedha ili kupata biashara, mtoto au uponyaji. Mbuddha wa Tibeti huachia kitambaa chake upepo kwa ajili ya viumbe vyote. Sisi tunakificha chetu chini ya godoro kwa ajili ya nafsi zetu. Kama tunauogopa ushirikina, tuanze na ule unaonunuliwa kwa jina la Yesu.

La tatu ni la kufundisha. Darasa la Kipaimara lielezwe maana ya rangi za altare kila majira yanapobadilika, na wanafunzi wa theolojia wasome dini nyingine katika maelezo ya wafuasi wake, si ya wapinzani wake tu. Mpaka wetu wa Tunduma hupitisha bidhaa za dunia nzima kila siku. Robota likifunguliwa, hakuna ajuaye litatoka nini.

Ile kamba tuliishusha kabla ya ibada ya mkesha. Tuliwaeleza washarika kwamba hatuishushi kwa hofu, bali kwa sababu si maneno yetu, na ya mtu mwingine hayachezewi. Tuliikunja, nayo sasa tunaitumia darasani. Mzee wa kanisa alitusikiliza, akauliza maswali mengi mazuri kuhusu farasi, akampa yule kijana mkono mbele ya watu wote. Hata hivyo, kijana alikuwa amekwisha kulirudisha joho lake la kwaya siku ile ile aliyotakiwa kutubu. Amerejea ibadani. Huketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na joho lake bado limetundikwa sakristia, likimngoja.